Kitanda cha barazani kiwambwe kwa mkonge wetu

Nyumba zinazojengwa siku hizi Same mjini, Makanya na Hedaru zina sebule pana na baraza refu, na wenye nyumba wengi wanajiuliza waweke nini pale kwa ajili ya kujinyoosha adhuhuri. Wapo wanaotafuta kitanda cha kale chenye nakshi kutoka pwani, wapo wanaonunua kilichotumika miaka arobaini au hamsini, na wapo wengi zaidi wanaoagiza kipya chenye sponji nene kutoka Keko, Dar es Salaam. Naona tunapima kwa kipimo kisichofaa. Umri wa kitanda una uzito mdogo kuliko maswali mawili: je, kinaifaa hewa ya mahali kitakapokaa, na je, kikichakaa yupo fundi wa karibu atakayekirudisha katika hali yake? Kwa maswali hayo, nyumba ya tambarare ya Same haihitaji zaidi ya kitanda kilichowambwa kwa kamba, na kamba yenyewe iwe ya mkonge.

Tambarare yetu imekaa mahali ambapo milima huzuia mvua, kwa hiyo jua ni kali, upepo hauishi na vumbi huingia kila penye uwazi. Sponji ni zao la viwanda vya kemikali za mafuta ya petroli. Hushika joto la mwili na kulirudisha mgongoni, humeza vumbi na jasho, na ikikaa juani hubadilika rangi, hukauka na kuanza kumeguka. Ikishabonyea katikati hakuna fundi wa kuinyanyua, unanunua nyingine. Fremu za bei nafuu zinazoendana nayo mara nyingi ni za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ambao huvimba ukipata maji na hauishiki skurubu mara ya pili. Kitanda cha kamba kina matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili na wambo. Upepo hupita chini na juu, vumbi hudondoka sakafuni likafagiwa. Kamba ikilegea hukazwa, ikikatika huungwa, ikiisha kabisa huwambwa upya juu ya mbao zile zile. Mtu akipiga hesabu ya miaka ishirini badala ya bei ya siku ya kwanza, ataona pesa inakokwenda.

Na kamba hiyo haitoki mbali. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hapo ulienea hadi Ndungu na Makanya, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikateka soko la dunia na mashamba mengi yakageuka vichaka. Tunasikitikia anguko hilo kila tunapopita barabara kuu, huku sebuleni kwetu tukinunua plastiki ile ile iliyouangusha. Vitanda pekee havitaurudisha mkonge katika enzi zake, lakini wilaya inayolima nyuzi imara kiasi hiki inapaswa kuwa mteja wake wa kwanza.

Najua pingamizi litakaloanza kutajwa: kitanda cha kamba ni cha maskini, mgeni akikiona atatudharau. Fedheha hii tumejitwisha wenyewe. Mwaka 1922 kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa Misri, vitanda vya mfalme huyo vilikutwa vimesukwa kwa kamba, kimoja kikiwa kimefunikwa dhahabu. Mwaka 1930 Mies van der Rohe, mmoja wa wasanifu mashuhuri wa Ulaya, alitoa kitanda cha mchana ambacho mpaka leo huuzwa kwa bei ya kutisha, na godoro lake limelazwa juu ya mikanda iliyotandwa kwenye fremu ya mbao. Hoteli za Unguja na Lamu nazo huweka vitanda vya kamba barazani, na watalii hulipa ili walale juu yake. Kinachotia aibu ni kazi mbovu: matendegu yanayocheza na wambo uliolegea kama nyavu. Fundi anayechonga ulimi ukaingia sawasawa kwenye tundu lake, bila kutegemea misumari, atakupa samani ya kumkalisha mgeni yeyote.

Pingamizi la kunguni ni zito zaidi. Kweli hujificha kwenye mafundo, lakini hujificha vilevile kwenye mishono ya kochi, na humo huwafikii. Kitanda cha kamba hutolewa nje, kikamwagiwa maji yanayochemka na kuanikwa juani mpaka kikauke kabisa. Mkonge pia hukwaruza ngozi, kwa hiyo tandika mkeka au godoro jembamba la pamba.

Kuhusu vya kale, mwenye kurithi kitanda cha babu yake asikiuze; akiwambe upya na kukitumia. Kununua kilichotumika nako ni jambo jema, kwa sababu hakuna mti mpya unaoanguka, ilimradi ukague chini ya mifumbati: ukiona vitundu na unga laini, wadudu bado wamo. Ila kukimbilia vya kale kwa tamaa ya thamani kupanda kunazaa biashara ya kuzivua nyumba za watu urithi wao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda kitu kilichotengenezwa nchini kabla ya 1863, na haikuwekwa bure.

Ninakubali kwamba hoja yangu ina mpaka. Ukipanda milimani, Suji, Chome au Mamba, ukungu na baridi ya Julai vitaiozesha kamba, na upepo unaopita chini ya mgongo utakuwa adha. Huko mkulima wa tangawizi anayetaka kitanda cha mchana atengenezewe cha chaga za mbao na godoro la pamba, kiwekwe ndani. Ugumu wa mlimani ni mbao yenyewe. Msitu wa Chome, wenye kilele cha Shengena chenye mita 2,462, umeibiwa miti ya kamfa kwa miaka mingi, na maji ya mashamba yetu hutoka humo. Mgrevilea uliopandwa shambani unatosha kwa kazi hii, na mtiki wa mashamba ya Muheza upo kwa mwenye uwezo zaidi. Basi, kabla ya kumpa fundi malipo ya awali, mwulize mbao imetoka wapi na akuonyeshe kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu kwa ile iliyosafirishwa. Akishindwa kukujibu, nenda kwa fundi mwingine.