Mbio za Sakafuni Huishia Ukingoni

Juzi nimebishana na jamaa mmoja kijiweni mpaka chai ikapoa. Yeye anasema The Italian Job ya mwaka 2003 ni bora kuliko ile ya 1969. Sababu yake? Eti ile ya zamani "haina mwisho".

Namwelewa. Hata mimi siku ya kwanza nilidhani CD imekwaruzika. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Palepale! Basi linaning'inia, jamaa anasema ana wazo, kwisha. Nilikasirika sana. Leo nasema bila kumung'unya: huo ndio mwisho pekee unaoifaa filamu ile.

Kwa wale ambao hawajaiona, Charlie Croker (Michael Caine) anatoka jela na kupata mpango wa kuiba dhahabu ya dola milioni 4 katikati ya jiji la Turin, Italia. Mfadhili wake ni Bwana Bridger (Noël Coward), mfungwa anayetembea gerezani kama mfalme ndani ya kasri lake. Kanda ya kompyuta inayoongoza taa za barabarani inabadilishwa, na jiji zima linashikwa na foleni. Hapo ndipo vinatokea vigari vitatu aina ya Mini: chekundu, cheupe na cha bluu, rangi za bendera ya Uingereza.

Jamani, zile ndizo mbio za magari! Vinashuka ngazi za kanisa la Gran Madre di Dio, vinaruka kutoka paa hadi paa, vinakatiza mto Po. Hakuna gari lililochorwa na kompyuta pale. Ni watu wanaendesha kweli, wakiongozwa na Mfaransa Rémy Julienne. Na utamu wenyewe uko kwenye udogo wa gari. Mini ilizaliwa mwaka 1959, baada ya mgogoro wa Suez kuwafanya Waingereza wahangaike na mafuta. Kagari ka kubana matumizi ndiko kanakowaaibisha polisi!

Fiat walikuwa tayari kutoa magari yao. Watengenezaji wa filamu wakang'ang'ania Mini, ingawa kampuni iliyoziunda haikuwasaidia sana na nyingi ilibidi wazinunue.

Sasa turudi kwenye ule mwisho. Dhahabu imeshapakiwa kwenye basi, Mini zimesukumwa korongoni, watu wanakunywa na kuimba njiani milimani. Dereva naye anajifanya bingwa kwenye kona. Basi linateleza, nusu barabarani, nusu hewani. Dhahabu iko nyuma, watu wako mbele. Kila Charlie akiisogelea, nayo inasogea zaidi kuelekea shimoni.

Hebu tazameni vizuri: nani kawashinda? Si polisi, wala si mafia wa Italia. Wameshindwa na sherehe yao wenyewe. Wahenga walishasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Filamu iliyotucheka sote kwa majigambo ingeishia wapi kwingine?

Ile ya 2003 nayo tuipe haki yake. Boti za Venice zinasisimua, na Mini kwenye mahandaki ya treni ya Los Angeles si haba. Lakini kichekesho kimegeuzwa kisasi. Mwishoni wezi wanagawana dhahabu na kila mmoja anajinunulia alichokuwa anakiota. Ujumbe wake ni upi? Kwamba ukiiba kwa akili, mali ni halali yako! Mimi kazi yangu ni kuandika habari, na huo wimbo nausikia kila siku mitaani: "Yule kaiba, lakini ni mjanja bwana." Hatuhitaji filamu ya kutufundisha kumpigia makofi mjanja. Tunahitaji ya kutuchekesha naye mpaka tumwone alivyo.

Najua mtaniambia watengenezaji waliuacha mwisho wazi ili watoe sehemu ya pili. Sawa, nakubali. Lakini mwaka 2008 Caine mwenyewe alisimulia walichokusudia: wawashe injini mpaka mafuta yaishe, uzito upungue, watu waokoke, na dhahabu iporomoke hadi kwa genge jingine linalosubiri chini. Hata huko wasingeambulia kitu!

Mwaka huohuo wakemia wa Uingereza, kupitia Royal Society of Chemistry, waliitisha shindano la kutafuta njia ya kuwaokoa watu na dhahabu yao. Miaka karibu 40 ilikuwa imepita, watu wazima bado walikuwa wanakokotoa uzito wa basi! Niambieni, ni nani amewahi kukosa usingizi kwa sababu ya mwisho wa ile ya 2003?

Liacheni basi lining'inie. Mwenye hoja aje nayo, matusi abaki nayo.