NAMBA BILA KIPIMO NI HATARI



Katika mabishano ya juma lililopita, kikundi kimoja kilisema futi na inchi ni vipimo vizuri kwani vilitoka katika mwili wa mutu: mguu na kidole gumba. Kingine kikatetea meta. Mimi mkubwa wenu nilinyamaza. Leo ninatoa mawazo yangu, na kosa langu pia.

Tulichanga feza za kutengeneza viti virefu vya chumba cha kujifunzia. Wauza mbao wa kwetu wanahesabu kwa inchi, hata kama darasani tuko na meta tu. Nikaandika katika karatasi ya fundi: "upana 10". Nilitaka inchi 10, ni kusema sentimeta 25 na kitu. Fundi akapasua sentimeta 10. Nani ataketi juu ya ile? Sasa zile mbao zinabeba vitabu. Fundi hana kosa. Ni mimi.

Hata wakubwa walianguka hapo. Mwaka 1983, wakati Kanada ilikuwa inaacha ratili na kushika kilo, ndege moja ilihitaji kilo 22.300 za mafuta. Waliopima walitumia hesabu ya ratili. Ikaruka na mafuta yasiyofika nusu, na injini zote mbili zikazimika angani. Rubani akaiteremsha Gimli bila injini. Watu wote 69 wakapona, Mungu asifiwe.

Mimi niko upande wa meta. Inchi 12 ni futi 1, futi 3 ni yadi 1, yadi 1.760 ni maili 1: nani atashika yote ile? Meta inaenda kwa kumi kumi. Hata mtoto mdogo anaweza kuhakikisha hesabu ya muuzaji. Tena, tangu 1959 inchi yenyewe inaegemea meta: ni sentimeta 2,54 kamili.

Lakini bomba la maji na gurudumu la kinga bado vinauzwa kwa inchi. Hatuwezi kuvikimbia. Basi ombi langu ni hili: kila namba iandikwe pamoja na kipimo chake. Walimu, mtukate alama bila huruma. Wenzangu, najua mtanikasirikia. Lakini afazali kupoteza alama moja kuliko feza za wote.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho