Maji Yaliyonaswa Katika Tope la Migodi

Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la majitope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu mkoani Shinyanga, ulibomoka na tope likaingia katika makazi na mashamba ya wananchi. Tukio la namna hiyo huelekeza macho ya wengi kwenye uimara wa ukuta. Ni sawa, lakini swali la kiasi cha maji yanayobaki ndani ya tope lina uzito uleule, kwani ukuta unapobomoka tope zito hukomea karibu, ilhali tope la majimaji husafiri mbali.

Almasi ya Mwadui hutokana na mwamba wa kimbalaiti, ambao huoshwa kwa maji mengi. Mwamba huo ukichakaa huzaa udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake hazifiki sehemu mbili za elfu za milimita. Chembe hizo hubeba chaji hasi, husukumana, na hivyo huelea badala ya kutuama. Katika migodi ya fosfati ya Florida, Marekani, mabwawa ya tope la mfinyanzi hubaki laini kwa miaka mingi: ukoko mkavu juu, uji chini.

Hapo ndipo polima kama poliakrilamaidi hutumika. Minyororo yake mirefu hushika chembe nyingi kwa pamoja, zikawa mabonge yanayozama ndani ya tangi, na maji yaliyotakata yakarudishwa kiwandani. Kwa mkoa wenye uhaba wa mvua kama Shinyanga, faida hiyo si ndogo.

Polima, hata hivyo, si dawa ya kumwaga tu. Mchanganyiko ukikorogwa kwa nguvu, mabonge huvunjika; kipimo kikizidi, fedha hupotea bure. Aidha, akrilamaidi, malighafi ya polima hiyo, ni sumu, na Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi mikrogramu 0.5 kwa lita ya maji ya kunywa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya wananchi kushirikishwa katika tathmini ya athari kwa mazingira. Katika vikao hivyo, wakazi waishio chini ya bwawa wana sababu ya kuuliza tope litaingia bwawani likiwa na asilimia ngapi ya maji, na nani atapima visima vyao.