Tuyaangushe Maji Tuyaone

Ndugu walimu wa Iringa na Mbeya, okoteni chupa tupu ya maji ya kunywa. Itoboeni tundu moja kwa msumari karibu na kitako, ijazeni maji, msiifunge kifuniko. Maji yatachuruzika, na hakuna atakayeshangaa. Sasa mwanafunzi mmoja ainyanyue hadi usawa wa bega, aiachie ianguke kwenye karai. Mchirizi unakatika! Chupa ingali hewani, tundu li wazi, wala halitoki tone. Waliokaa nyuma watabisha. Mwenye simu arekodi, kisha picha irudiwe polepole.

Chupa na maji yaliyomo vinaanguka kwa mwendo mmoja, kwa hiyo maji hayana uzito wa kuyasukuma nje. Ndivyo walivyo wanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu yetu. Wengi tulikaririshwa kwamba huko mvutano wa dunia haupo. Upo, tena unakaribia asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Ila kituo kile kinaanguka siku zote kikiizunguka dunia, na maji ndani yake hujikusanya yakawa duara kama mpira. Huko Bremen, Ujerumani, wamejenga mnara wa mita 146 wapate sekunde 4.74 za kuanguka namna hiyo. Bega la mwanafunzi linatupa nusu sekunde. Inatosha kuanzia.

Nasema haya nikimkumbuka Erasto Mpemba, mwanafunzi aliyechekwa kwa swali lake. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye jokofu kwa kuingiza maziwa ya aiskrimu yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaja Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake. Siku moja Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alizuru shule, kijana akarudia swali lile lile, darasa likamcheka. Mgeni hakulitupa: alirudi Dar, likajaribiwa, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mabingwa wa dunia wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo, na wanaliita kwa jina la Mpemba.

Mkwawa pale pale alipochekwa, sasa ni chuo kikuu kishiriki kinachoandaa walimu. Mbeya nayo ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Vijana wa vyuo hivi waende sekondari za kata na chupa zao mkononi, wasingoje maabara ikamilike. Huko wajaribu na mengine: je, mawese ya Kyela nayo yatakoma kutoka? Asali je? Mrija ukisimamishwa ndani ya maji ya rangi, yatapanda wakati wa kuanguka?

Basi mwalimu, kesho iangushe chupa moja mbele ya darasa. Atakayeuliza swali la ajabu, usiwaruhusu wenzake wamcheke. Liandike ubaoni, mkalijaribu siku hiyo hiyo.