Tate, mama yako aliitwa nani?



Mwezi uliopita nilivuka kwenda Idjwi kumsalimia tate, mama wa baba yangu. Nilipanga siku mbili tu. Siku ya kurudi upepo ukachafua ziwa, mitumbwi yote ikabaki imefungwa. Nikaanza kuhangaika: meza yangu ya soko kule Bukavu, watoto, na likelemba ambayo zamu yangu ilikuwa imefika. Tate akacheka: "Mwanangu, ziwa halina saa. Kaa tuchambue maharagwe."

Sisi wa mjini tunapenda kusema kwamba watu wa kisiwa ni wavivu. Lakini mwanaume aliyekesha ziwani akivua sambaza si mvivu, wala mama aliyeshuka mlima na kikapu cha mananasi mgongoni. Wao wamejifunza tu kwamba upepo hausukumwi. Wakati wa kungoja, wanaongea.

Basi tukachambua, na tate akanihesabia ukoo wetu. Kule Idjwi karibu kila ukoo una safari yake: wengine walivuka kutoka upande wa Rwanda, wengine kutoka Bushi. Wambuti waliwatangulia wote, ingawa leo wengi wao hawana hata shamba la kulima. Hata sambaza ni wageni: walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tate anakumbuka utoto wake bila sambaza!

Alinitajia wanaume 6, baba na baba yake, bila kukosea. Ndipo nikauliza: "Na mama ya mama yako aliitwa nani?"

Mikono yake ikasimama juu ya lungo. "Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema. Akafikiri muda mrefu, halafu akataja jina. Mwanamke huyo aliletwa kwa mtumbwi akiwa bibi arusi, na hakurudi tena kwao. Niliandika jina hilo nyuma ya karatasi yangu ya madeni, maana sikuwa na daftari.

Usiku sikulala vizuri. Nilimkumbuka tate mwingine, mama wa mama yangu. Alikufa nikiwa na haraka zangu za mjini. Jina la mama yake, leo hakuna anayelijua kwetu.

Wamama, hii si hadithi ya wazee tu. Vijana wetu wanakutana mjini na kupendana, kumbe mama zao ni ndugu. Vita imetawanya familia. Mtoto anayejua jina la mama yake, la tate wake na la kijiji chao ana njia ya kurudishwa kwao. Tukihesabu wanaume peke yao, tunampa mtoto nusu ya njia.

Juma hili, umeme ukikatika au mvua ikikufungia ndani, usikasirike. Chukua daftari, kaa karibu na mzee wa nyumba, umuulize mambo matatu: Mama yako aliitwa nani? Alizaliwa wapi? Alifikaje huku? Andika, kisha uwasomee watoto.

Mimi nilirudi Bukavu siku ya tatu. Zamu yangu ya likelemba alipewa mwenzangu, nitangoja nyingine. Lile jina lisingeningoja.

Mubaki salama.