Mashine ya Pembe Isile Ada ya Mtoto

Mwezi huu tuwaache kidogo mawifi na meseji za usiku wa manane, tuongelee mashine. Usifungue ukurasa mwingine, maana na hii inagombanisha watu ndani ya nyumba.

Kwangu mjadala ulitokana na skating, zile mbao zinazozunguka ukuta kwa chini. Tulitenga laki 4 kwa mashine ya kukatia pembe. Baba Neema alikuwa ameshaipenda moja ya diski ya inchi 12, inateleza mbele na nyuma, ina na mwanga mwekundu wa kuonyesha mstari. Bei yake ingemeza mapazia yote na nusu ya ada ya Januari.

Nikamwuliza swali moja tu: "Baba Neema, mbao zetu zina upana gani?" Inchi 4. Sasa hiyo ya kuteleza ya nini? Ile ni ya mbao pana. Kwa inchi 4, mashine ya inchi 10 isiyoteleza inatosha, ilimradi kichwa chake kiiname hadi digrii 45. Unalaza ubao, unainamisha kichwa, unakata. Kama unapenda kukata ubao ukiwa umesimama, nenda dukani na kipande chako ukipime hapo hapo, kwani inchi 10 ni upana wa diski, siyo kina inachokata.

Pale Gerezani, Kariakoo, muuzaji atakusifia rangi na boksi. Mwache aongee. Wewe shusha kichwa, kitikise kushoto na kulia, kikicheza, rudisha. Beba skwea, iweke kati ya diski na kile kikingo cha nyuma mashine ikiwa kwenye sifuri. Ukiona mwanga unapenya, mwambie airekebishe mbele yako. Jaribu kuifunga kwenye 45 pande zote mbili. Yote haya ikiwa haijachomekwa, tafadhali.

Halafu soma kibandiko cha umeme. Wetu ni volti 230. Mtumba wa Japani ni wa volti 100, wa Marekani 120. Ukiuchomeka moja kwa moja, umenunua moshi.

Chenji iende kwenye diski. Mashine nyingi za bei nafuu huja na diski ya meno machache inayorarua mbao utadhani panya kapita. Kwa inchi 10 tafuta ya meno 60 hadi 80, tundu la katikati liwe lile lile. Kwa maoni yangu diski nzuri kwenye mashine ya kawaida inaishinda mashine ya bei mbaya yenye diski mbovu.

Na kuta zetu, tusidanganyane, fundi plasta alikuwa na haraka zake. Kona ya digrii 92 ukiikatia 45 itaacha mwanya. Gawa 92 kwa 2, unapata 46. Toa kwenye 90, weka mashine kwenye 44. Anza na vipande vya majaribio.

Sisi mimi napima, yeye anakata, wote na miwani, na hakuna kuitana diski ikizunguka. Kichwa hakiinuliwi mpaka isimame.

Ukiwa na chumba kimoja tu, achana na mashine: kiboksi cha kukatia pembe na msumeno wa mkono vinakutosha.

Ada ya Neema haijaguswa. Mapazia bado tunajadiliana.