Nota Zimehifadhiwa, Hukumu Imetupwa

Siku hizi kila ninapotembelea kwaya huonyeshwa kwa fahari faili za nyimbo zilizomo katika kompyuta. "Zote tumeshaziingiza, Mwalimu," huniambia, na makaratasi ya zamani yametiwa katika boksi yakingojea kuchomwa. Mimi jambo hili nalipinga, na si uzee unaonisemesha.

Kwaya zetu nyingi za Afrika Mashariki zilijifunza kwa nota za solfa, zile herufi d, r, m, f, s, l, t ambazo Mwingereza John Curwen alizieneza katika karne ya 19 akiichukua kazi ya Bibi Sarah Glover wa Norwich, na ambazo wamisionari walikuja nazo huku. Waliosoma muziki wa mistari mitano huzidharau, kana kwamba ni nota za maskini. Lakini hebu tuzitazame. Herufi ya solfa haisemi tu sauti iko juu kiasi gani, bali husema sauti hiyo ina kazi gani. Do ni nyumbani. Ti inavutwa kwenda do. Wimbo ulio katika ufunguo wa C ukihamia G, mwandishi hana budi kuamua umehama wapi hasa, na hapo huandika noti ya daraja: s ndogo ya ufunguo wa zamani, na kando yake d ya ufunguo mpya. Akiona kwamba wimbo umechungulia tu huko G na utarudi, haweki daraja. Huandika fe na kuendelea na safari. Huo, msomaji wangu, ni uchambuzi wa muziki, tena umefanywa kwa penseli na mtu ambaye pengine hakuwahi kuona piano.

Sasa uingize wimbo huo katika programu ya kuandikia muziki. Daraja linageuka kuwa G tupu. Fe inakuwa F shapu, na ti ya ufunguo mpya nayo inakuwa F shapu ile ile. Uamuzi wa mwandishi umefutika, wala hakuna kitufe cha kuurudisha. Wapo wanaopachika herufi za solfa chini ya noti, mahali pa maneno ya wimbo. Faili huzihesabu kuwa ni maneno, na mbele ya kompyuta "do" na "Bwana" ni kitu kimoja.

Wazungu wenyewe wana ugonjwa huu huu. Heinrich Schenker, aliyefariki mwaka 1935, alikuwa akiuchuja muziki ngazi kwa ngazi, akiondoa mapambo hadi ubaki mfupa. Katika michoro aliyoichapisha mwaka 1932 aliichuja prelude ya Bach katika C meja, ile ya mwaka 1722, mpaka mstari wa juu ukabaki mi, re, do. Katika mchoro wa namna hiyo noti nyeupe yenye kijiti haimaanishi mapigo mawili, bali uzito. Lakini mtie mtu mbele ya programu ya kawaida auandike: programu itamdai ajaze mapigo kati ya mstari na mstari. Basi huficha vijiti, hupachika pumziko zisizoonekana, hulazimisha. Karatasini mchoro hupendeza. Ndani ya faili ni uongo mtupu.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa noti ni ukweli na uchambuzi ni maoni ya mtu, na maoni hayana nafasi katika faili. Nauliza: kwa nini basi faili hizo hutofautisha F shapu na G flati? Mfumo wa MIDI wa mwaka 1983 hauzitofautishi. Zote mbili ni namba 66. Waliotengeneza MusicXML, ambayo Michael Good aliitoa rasmi mwaka 2004, walikataa jambo hilo, na walikataa kwa haki, kwa sababu jina la noti hutegemea kazi yake. Basi maoni yameshaingia zamani! Kilichobaki ni kuulizana maoni ya nani yapewe kiti na ya nani yasimame mlangoni.

Wengine husema kompyuta itachambua yenyewe baadaye. Huu ni uvivu uliovikwa koti la maendeleo. Kompyuta itatoa uchambuzi wake. Wa yule mwalimu wa kwaya hautapatikana tena.

Tena njia zipo. David Huron alibuni mfumo wa Humdrum katika miaka ya 1980, ambamo kila sauti ina safu yake ya maandishi na uchambuzi una safu yake pembeni, pamoja na safu ya solfa kwa anayeitaka. Katika mfumo wa MEI, ulioanzishwa na Perry Roland, kila noti yaweza kupewa kitambulisho, na maelezo yakaielekezea kidole bila kuigusa. Mwaka 2016 David Rizo na Alan Marsden walipendekeza namna ya kuweka humo michujo ya ngazi kwa ngazi kama matawi ya mti. Kwa njia hiyo watu wawili waweza kubishana juu ya wimbo mmoja, kila mmoja kwa jina lake, na noti zikabaki salama.

Kwa hiyo nawaambia walimu wenzangu wa kwaya, na hasa vijana wanaojivunia faili zao: msichome kitu. Asiye na utaalamu wa MEI apige picha ya kila ukurasa pamoja na madaraja na alama zake za penseli, aandike jina la aliyeziweka na mwaka kama unajulikana, na boksi lenyewe liwekwe mahali pakavu pasipo mchwa.